Kabla Happy Hajajibu

...na jibu ninalo, liko hapa mbele ya meno, ni kufungua mdomo tu na matroni ataitikia kwa kichwa na tutaendelea na mengine, kitanda, chandarua, ndoo ya kuogea, lakini hakuniuliza mimi, amemuuliza Happy, amegeuza kiti chake kabisa akamwelekea, "Happy, binti yangu, ukiumwa ukiwa hapa chuoni, au jambo likikushinda, utamwambia nani?", na Happy amenyamaza, anatazama dirishani, wala si nje, anatazama ule wavu wa kuzuia mbu, vidole vyake viko kwenye pindo la sketi mpya vinaufuata mshono, vinakwenda, vinarudi, na mimi baba yake nimekaa kwenye benchi la wazazi, begi lake liko katikati ya miguu yangu, nimenyamaza pia, kwa sababu Mwalimu Lusiana, aliyemfundisha sekondari, alinionya, alisema, "Baba Happy, siku ya kumpeleka kazi yako ni moja tu, usimjibie, na itakushinda kuliko kulima," nikacheka, nikaona mwalimu anatania, mimi Kornel niliyeng'oa visiki Marambo tangu ujana nitashindwa kufunga mdomo, kumbe kweli, ulimi unasukuma kama maji nyuma ya tuta... matroni huyu anaitwa Moza, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani, alitupokea mlangoni mwenyewe, uso wake si mbaya, lakini uso wa mtu hubadilika akiuliza akakosa jibu, nawajua watu, kwanza hutabasamu, halafu hurudia swali kwa sauti kubwa kana kwamba mtoto ni kiziwi, halafu hunigeukia mimi, "Kwani haongei?", na hapo ndipo huwa naingia, anaongea, amechoka na safari tu, anaongea, koo linamuuma, na mtu anaridhika, na Happy anabaki na wavu wake wa dirisha, na mambo yanakwenda... mbona hakumuuliza kozi, angesema kilimo, hilo hulijibu hata akiwa anaosha vyombo, mbona hakumuuliza habari za mbegu, angemweleza mbaazi za muda mfupi na mbaazi za muda mrefu mpaka matroni mwenyewe aombe kupumzika, katika maswali yote ya dunia amechagua hili, ukiumwa utamwambia nani, kama vile ametumwa na mke wangu.

Prisca hakuja, alisema miguu imevimba, na kweli imevimba, lakini hata ingekuwa mizima asingekuja, tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke na jina la Happy lionekane kwenye waliochaguliwa chuo, watu wanakuja kutupongeza, Prisca anawakaribisha uji, wakiondoka ananigeukia, "Nani atajua? Niambie, baba Happy. Akinyamaza hivi ana njaa, akinyamaza vile ana homa, mimi najua tofauti yake. Huko Ruangwa nani ataijua?", na anasema hivyo kwa sababu ya siku ile ya homa, Happy akiwa darasa la sita, tulitoka kuokota korosho jua likiwa kali, tukakuta nyumba imetulia, tukasema amelala, Prisca akaingia akatoka, moyo haukutulia, akaingia tena, ndipo akamwona uvunguni mwa kitanda, amejikunja kama jongoo, ngozi inachoma, meno yanagongana, na jirani alikuwa pale pale uani anatwanga, hakumwita, hakulia, malaria imempanda kichwani na hajasema neno, nikampakata kwenye bodaboda mpaka hospitali mjini Nachingwea, nesi akatuangalia kwa hasira, "Mlikuwa wapi siku zote mtoto amefikia hivi?", mama yake akalia mbele ya watu, na Happy alipopata nafuu, drip bado iko mkononi, Prisca akamuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukusema?", akajibu taratibu, bila lawama, kama anayetaja rangi ya shuka, "Hakuna aliyeniuliza"... yule daktari kijana aliyekuwa anampima ndiye aliyeanza kumwangalia vizuri, akaona anavyoziba masikio toroli la dawa likipita, akatuuliza alianza lini kusema, anacheza na wenzake au peke yake, chakula kipi hakigusi, tukamweleza yote, mpaka kanisani, kwamba padre akianza kusema maneno ya misa Happy husema naye neno kwa neno, kwa sauti, na watu hucheka, na padre alishasema mwacheni, basi daktari akasema, "Hii inaitwa usonji. Hajarogwa, na hamkukosea kumlea. Ubongo wake unapokea dunia kwa namna yake," na mimi nikalirudia lile neno njia nzima ya kurudi Marambo, usonji, usonji, nisije nikalisahau kabla sijawaambia ndugu zangu, maana dada yangu alikuwa ameshatoa hukumu, kwake yeye mtoto katupiwa kitu, na kaka Amedeus alisema kiburi, fimbo itamtoa, nilipofika nikawaambia ni usonji, Amedeus akauliza, "Unapona?", nikasema hauponi, akasema, "Basi kuna faida gani ya kuujua?", faida yake nilikuja kuiona miaka kadhaa baadaye kwa Mwalimu Lusiana.

Anakohoa... hapana, ni mimi nimekohoa, matroni amenitupia jicho mara moja akalirudisha kwa Happy, hajarudia swali, ameweka mikono juu ya meza, na simu yake imetetemeka pale pembeni akaigeuza kifudifudi bila kuiangalia, na huko nje wasichana wanapita wanacheka, "Oya, subiri basi, mbona mnaniacha?", sauti za kwenye redio hizi za vijana wa siku hizi, mmoja amechungulia mlangoni, akamwona Happy, akaona hakuna anayesema, akarudi nyuma, tayari, nikasema moyoni, tayari wameshamwona, kesho bwalo zima litajua kuna msichana haongei... Mwalimu Lusiana alitutayarisha kwa siku kama hii, alipotukusanya wazazi, sisi wenye watoto aliowasaidia kwa namna ya pekee kidato cha nne, tulikuwa wachache, mama wa Ismaily, ambaye kijana wake herufi zinamchezea machoni, akisoma ukurasa anatoka jasho, lakini anafungua injini na kuifunga, na babu yake Harithi, kijana asiyeweza kukaa kitini, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani, mwalimu akasema, "Mnadhani nimewaita kuzungumza habari za watoto. Nimewaita kuzungumza habari zenu. Nyumbani ninyi ndio kengele. Mnawaambia kula, oga, lala, vaa sweta. Chuoni hakuna mtu wa kumwambia vaa sweta. Tusianze kuwafundisha siku ya kuondoka," babu yake Harithi akasema, "Mwalimu, huyu wangu akienda chuo hata mwezi hatamaliza," mwalimu akamwambia, "Inawezekana, babu. Na asipomaliza atarudi nyumbani akiwa mtu aliyekwenda," sikulipenda jibu lile, nilitaka aseme wote watamaliza, nilikuja pale kusikia hivyo... basi tukaanza, Happy akaanza kwenda dukani kwa mama Abdalah peke yake, chumvi kwanza, halafu vitu vyake vya kike ambavyo mimi naona haya kuvitaja na Prisca alikuwa anamnunulia, mara ya kwanza alisimama mbele ya duka mpaka wateja wakaisha, akarudi mikono mitupu, Prisca akavaa kandambili aende, nikamwambia mwache, akasema, "Wewe na mwalimu wako mna roho za mawe," lakini jioni ile jua halijazama Happy akatoka tena mwenyewe, akarudi na kilichompeleka, akakiweka mezani, akaenda kulala bila kula, alikuwa amekwisha, kama mtu aliyepalilia shamba zima, na ndipo nikaona kazi ile ilivyokuwa kubwa, neno moja dukani, mimi nalisema huku nafikiria mambo mengine.

Na tulikuja hapa Ruangwa, likizo, chuo kikiwa kitupu, mwalimu aliomba ruhusa, tukatembea naye kutoka bweni hadi bwalo, bwalo hadi darasani, akigusa kila mlango tunaoupita, mlinzi akauliza anatafuta nini, mwalimu akasema anajifunza nyumba, na kengele yao ni rimu la lori limening'inizwa kwenye mti, mwalimu akamwomba mlinzi aligonge polepole, halafu kwa nguvu, lilipogongwa kwa nguvu Happy akachutama akaziba masikio, nikataka kumkimbilia, mwalimu akanishika mkono wa shati, tukasubiri, akasimama mwenyewe, akasema, "Tena," na mlinzi akamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama Happy, "Amesema tena," rimu likagongwa tena, safari hii alikunja uso tu, nikajikuta machozi yananitoka pale chini ya mti kwa ajili ya rimu la gari, nikasingizia vumbi... tukarudi mara nyingine wanafunzi wakiwepo, akala wali maharage bwaloni, maharage akayatenga pembeni, hakuna aliyemgombeza, na mwalimu alimfundisha akizidiwa na kelele aweke kiganja kifuani, mtu anayejua atajua, na sisi nyumbani tukafundishwa tukikiona kile kiganja tunyamaze wote, hata kama tunagombana, na kwa kweli Prisca na mimi tumegombana kidogo tangu hapo, maana mtoto akiweka kiganja ugomvi unakufa njiani na baadaye hakuna anayekumbuka ulihusu nini... lakini hili swali, hili tulilifanyia mazoezi kuliko yote, jikoni, Prisca akichambua mbaazi, mwalimu alituambia mtu awe matroni, basi Prisca ndiye matroni, anajifunga khanga kichwani, anakaza sauti, "Happy, ukiumwa utamwambia nani?", na Happy anajibu papo hapo, "Mama," namwambia hapana, mama hatakuwepo, sema matroni, tunaanza upya, "Ukiumwa utamwambia nani?", "Mama," mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani akajaribu, akamweleza vizuri mama yuko Marambo, wewe uko Ruangwa, matroni yuko karibu, umeelewa, ameelewa, haya, utamwambia nani, "Mama," na Prisca akainamisha kichwa kwenye ungo wa mbaazi, lakini niliona, alikuwa anatabasamu na analia vyote pamoja... na asubuhi hii, tunafunga begi, Prisca amekaa kitandani miguu juu ya mto, akanishika mkono kwa nguvu za zamani, akaniambia kwa Kimwera, na Prisca akiniambia kwa Kimwera najua halirudiwi, aliniambia, watamuuliza, lazima watamuuliza, akijibu mwenyewe mwache, asipojibu urudi naye, nisimwone amelala uvunguni kwa watu, niahidi, nikaahidi, ningefanyaje, Happy alikuwa amesimama mlangoni amevaa sketi mpya na viatu anasubiri, nikaahidi.

Na sasa ameulizwa... na gari la kurudi Nachingwea lipo mchana, nafasi za watu wawili hazikosekani, naweza kusimama sasa hivi nikasema samahani matroni, tumejaribu, huyu bado, labda mwakani, na hakuna atakayenilaumu, Amedeus atasema nilisema, Prisca atapika kuku, na Happy atarudi kwenye mbegu zake kwenye vibuyu na maisha yataendelea, kwani wako wangapi wasiokwenda chuo, au nitoe lile jibu, "Atakuambia wewe, matroni," nimtazame Happy, yeye aitikie kwa kichwa, hiyo si kujibu kamili, lakini nusu ya kujibu inatosha, Prisca hatajua... joto limeingia humu, jasho linanitiririka mgongoni, feni ipo juu hapo, kwa nini hawawashi feni, ilikuwa inazunguka tulipofika, naikumbuka, ilikuwa inalia kri kri kri, Happy akasita kwenye kizingiti akapandisha mabega, na matroni... matroni alinyoosha mkono ukutani akaizima, alikuwa anaendelea kusema karibuni, karibuni, poleni na safari, na mkono unaizima feni, wala hakutaja, na mimi nilikuwa nashughulika na begi, sikuona, yaani nimeona sasa, yeye naye anatokwa jasho, ushungi umelowa pembeni mwa masikio, amekaa kwenye joto lake mwenyewe na hajaiwasha, ni Mwalimu Lusiana alimpigia simu akamwambia, au ni macho yake tu, sijui, lakini mwanamke huyu ameona bega la mtoto likipanda akajua ni feni, mimi nimechukua miaka kujua hilo... na hajarudia swali, hajaongeza sauti, hajanigeukia kuniuliza kwani haongei, anamtazama Happy kama mtu anayesubiri maji yachemke, hana wasiwasi kwamba yatachemka, na mtoto huyu aliyesema hakuna aliyeniuliza, leo ameulizwa, na mtu aliyemuuliza bado yuko palepale anataka kujua... na kwa nini basi hasemi "Mama", hilo linanijia sasa, jikoni jibu lilikuwa papo hapo, mama, mama, mama, kama lilikuwa ni kukosa maneno angekuwa na hilo moja, analo, tumemsikia nalo mpaka tumechoka, angelitoa sasa na lingemtoka kirahisi, lakini hajalitoa, analizuia, anajua kwamba mama hayupo, ameona hivyo mwenyewe, hapa, kwenye kiti hiki, amefika mahali ambapo jibu lake la siku zote si la kweli tena, na Happy hasemi kisicho kweli, hajawahi, hata kuku wa jirani alipoingia kwetu na tukanyamaza alitoka akamwambia jirani kuku wako yuko kwetu, basi anafanya nini muda wote huu, anatafuta, anatafuta la kweli, na jibu langu hili ninalolizuia kwa meno, atakuambia wewe matroni, hilo ni jibu la adabu tu, la kumfurahisha mkubwa, huyu mama amemjua tangu saa ngapi hata aseme nitakuambia wewe, mimi mwenyewe mtu mzima nikiulizwa leo, Kornel, ukizidiwa utamwambia nani, nitasema nini, Prisca, na siku Prisca hayupo, nani, Amedeus, hapana, padre, sijui, sijui kabisa, ningejibu haraka jina la mtu yeyote ili muulizaji aondoke, na huyu mtoto hafanyi hivyo, amelichukua swali kama lilivyo, zito, na analibeba mwenyewe, na sisi wawili tunamtazama, mimi nikihesabu ni kushindwa.

Prisca nitamwambia nini... nitamwambia sikumrudisha, nitaanza na hilo nikiwa bado nimesimama, nitamwambia ile ahadi haikuwa na haki, tulimwekea mtoto mtihani wa kasi, na kasi si kozi aliyochaguliwa, atanisikiliza au hatanisikiliza, atageukia ukutani, atakataa kula, nami nitapika ugali wa muhogo nimwekee pembeni, na nyumba itakuwa na kimya cha aina nyingine, si kile cha Happy, cha Happy kilikuwa na mtu ndani yake, na siku itafika, sijidanganyi, siku itafika ataumwa hapa, atakuwa kitandani bwenini amejikunja anatetemeka, na mimi nitakuwa Marambo na pampu mgongoni napulizia mikorosho dawa ya salfa, napiga mluzi, sitajua, mama yake hatajua, hilo lipo, hakuna mwalimu wala mazoezi ya jikoni ya kuliondoa, na litakapotokea itabidi awepo mtu wa hapa, asiyekuwa sisi, wa kuinama amtazame, na yeye Happy awe na lolote la kumpa, neno, kiganja, au jicho tu, na huyo mtu hatapatikana nikimrudisha nyumbani leo, hatapatikana kabisa, siku sisi tutakapokuwa tumekwenda zetu kaburini atakuwa hana hata mmoja... "Baba Happy," matroni ameniita, polepole, bila kunitazama, macho yako kwa binti, "huwa anachukua muda?", na hili nimeulizwa mimi, hili naweza kulijibu, "Huchukua muda, mama," nimesema, "lakini huwa anafika," akaitikia kwa kichwa, "Basi tupo," akasema, na akaegemea kiti, na wale wasichana wamesharudi huko nje wanamwaga maji, wanabishana ndoo ni ya nani, na Happy vidole vyake vimetulia, sijui vimetulia saa ngapi, amevuta pumzi ndefu, mabega yameshuka, ameuacha wavu wa dirisha anatazama mikono ya yule mama iliyo juu ya meza, anaitazama sana, pete, mishipa, kucha zenye mabaki ya hina, midomo yake imeachana kidogo, imefungika tena, matroni hasemi kitu, nami sisemi kitu.